Kuandaa tuzo za maigizo ya jukwaani Dar es Salaam, na kumaliza ugomvi wa waigizaji wa kutoka nje ya jiji

Ugomvi wa tuzo za jukwaani hauanzi usiku wa kutangaza washindi. Huanza miezi kadhaa nyuma, siku kikundi cha Sinza kinapomleta mwigizaji kutoka Mwanza aje acheze mhusika mkuu, huku vijana wake waliohudhuria mazoezi mwaka mzima kwa nauli zao wakigawiwa nafasi za kupita jukwaani mara moja na kutoka. Mgeni akishinda, jiji linalalamika kwamba tuzo imeondoka. Akinyimwa, kikundi kinalalamika kwamba kipaji kimeadhibiwa. Kamati isiyo na kanuni iliyoandikwa haina la kujibu upande wowote.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Mgeni asizuiwe kupanda jukwaani, wala asinyimwe tuzo ya uigizaji aliyoistahili. Lakini tuzo ya tamthilia bora ya jiji iende kwa kazi iliyofanyika jijini na watu wanaoishi na kufanya sanaa jijini, na hilo lithibitishwe kwa karatasi. Kabila la mtu na mahali alipozaliwa visiingie kabisa. Dar nzima ni ya watu waliotoka mahali.

Tarehe za msimu

Msimu ni miezi 12 ambayo maonyesho yake yanahesabiwa. Watu wengi hupenda kutoa tuzo tarehe 27 Machi, Siku ya Tamthilia Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu 1962. Ni tarehe nzuri kwa maana yake, ila ina mitego miwili hapa kwetu. Wa kwanza ni Ramadhani: mwaka 2023, 2024 na 2025 tarehe hiyo iliangukia ndani ya mfungo. Wa pili ni masika, yanayoanza kushika kasi wakati huohuo, kwa hiyo ukumbi usio na paa usiufikirie. Ukiichagua tarehe hiyo, msimu uwe 1 Februari hadi 31 Januari, ili majaji wapate wiki saba za kujumlisha alama, kusikiliza rufaa na kuchonga majina. Mfungo ukiingia hapo, sogeza sherehe hadi wiki ya pili baada ya Idi. Tarehe za msimu zisiguswe.

Kanuni zote zitangazwe siku 60 kabla ya msimu kuanza. Kanuni iliyobadilishwa katikati ya msimu, hata ikiwa ya haki, itasomeka kama imetungwa kwa ajili ya mtu fulani.

Vibali navyo vianze mapema. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndilo la kwanza kuonana nalo kuhusu kibali cha tuzo. Vikundi vikumbushwe pia kwamba sheria ya filamu ya 1976 inaitwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, kwa hiyo jukwaa halimo nje ya macho ya Bodi ya Filamu. Na kikundi kinachocheza tamthilia ya mtu mwingine kiambatanishe ruhusa ya mwandishi au ya warithi wake. Tamthilia isiyo na ruhusa isipokelewe, kwa sababu kuivua ushindi baadaye ni fedheha ya kamati kuliko ya kikundi.

Nani ni mwigizaji wa Dar?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo kamati nyingi hukimbia. Huandika tu "tuzo hizi ni za wasanii wa Dar es Salaam" na kuacha. Sasa kuna mwigizaji anayelala Mapinga. Kisheria yuko Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani. Kwa miguu yake yuko Dar: kila asubuhi anapanda daladala, anapita Bunju na Tegeta, anashuka Mwenge, anafanya mazoezi, anarudi usiku. Ukimtoa huyo, umemtoa mtu wa jiji kwa sababu ya mpaka asiouona. Mwingine amehitimu Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, bado anapanga chumba kulekule, na kazi zake zote ziko Mikocheni. Huyu naye?

Kigezo kinachosimama ni siku za kazi na makazi katika ukanda mmoja. Andikeni hivi, au karibu na hivi:

"Mwigizaji wa ukanda wa Dar es Salaam ni mtu ambaye, katika miezi 12 kabla ya onyesho la kwanza, ameishi au amefanya kazi ya sanaa kwa siku zisizopungua 180 ndani ya wilaya za Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, au katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha, Kisarawe na Mkuranga. Mahali pa kuzaliwa, kabila na uraia havihesabiwi."

Uthibitisho uwe mojawapo ya hivi: barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, mkataba wa pango, kitambulisho cha chuo kilicho hai, au mikataba ya kazi mbili za jukwaani zilizochezwa ndani ya ukanda katika muda huo. Kitambulisho cha Taifa peke yake hakitoshi, kwa sababu kinaweza kuonyesha makazi ya siku mtu alipojiandikisha, na huenda ni miaka mingi iliyopita. Barua ya mtaa nayo ina udhaifu wake: mjumbe mwema humwandikia mtu aliyefika wiki iliyopita. Ndiyo maana barua iandikwe tarehe ambayo mhusika alianza kuishi hapo. Barua isiyo na tarehe hiyo irudishwe.

Mwigizaji wa Unguja au Pemba hana suala la kibali cha kazi. Ni raia. Kwa kigezo cha ukanda yeye ni mgeni kama yule wa Mwanza au Mbeya, basi. Mwigizaji wa Nairobi au Kampala ni habari nyingine: akilipwa, Sheria ya Ajira za Wageni ya 2015 inamhusu, na soko la pamoja la Afrika Mashariki halimwondolei kibali. Kikundi kianze kufuatilia Idara ya Kazi na Uhamiaji wiki nane kabla ya mazoezi, na kamati iombe nakala ya kibali pamoja na fomu ya kushiriki.

Hesabu ya wageni katika tamthilia

Weka vipengele vya aina mbili. Aina ya kwanza ni vya mtu mmojammoja: mwigizaji bora wa kike, wa kiume, mwigizaji msaidizi, mwongozaji, mbunifu wa maleba (mavazi ya jukwaani), mwanga, muziki. Hivi viwe wazi kwa yeyote, mwenyeji au mgeni, kwa sharti la mazoezi tutakaloeleza. Aina ya pili ni tamthilia bora na kikundi bora. Hapa sharti la kwanza: angalau theluthi mbili ya waigizaji wanaolipwa wawe wa ukanda. Waigizaji 9, wageni wasizidi 3. Waigizaji 6, wasizidi 2. Waigizaji 7, theluthi moja ni 2.33, kwa hiyo ni 2; desimali ikatwe daima, isipandishwe. Tamthilia ya watu wawili iruhusiwe mgeni mmoja, na kanuni iliseme hilo waziwazi, kwa maana theluthi ya 2 haifiki hata mtu mmoja.

Msidhani shida hii ni yetu peke yetu. Tuzo za Helen Hayes za Washington, Marekani, ziliwahi kuwa na kipengele tofauti cha maonyesho yanayoletwa kutoka nje ya jiji, ili yasishindanishwe na yaliyotengenezwa palepale. Baadaye, kuanzia 2014, ziligawa vipengele katika makundi mawili kwa kuangalia idadi ya waigizaji wa chama cha kitaaluma katika kila onyesho. Chicago nako, Tuzo za Jeff zilizoanza 1968 zimekuwa na sherehe tofauti kwa majumba yenye mikataba ya chama na kwa vikundi visivyo nayo. La kujifunza hapo ni kwamba wenzetu waligawa vipengele. Mlango hawakuufunga.

Kwa Dar, onyesho zima linaloletwa kutoka Zanzibar, Arusha au Nairobi, likicheza siku mbili na kuondoka, lipewe kipengele chake: onyesho bora la wageni. Yakifika chini ya matatu kwa msimu, kipengele kisitolewe mwaka huo. Tuzo ya mshindani mmoja haina heshima kwa anayeipokea.

Kwa nini mgeni hufika siku za mwisho

Malalamiko makubwa ya waigizaji wa jijini si kwamba mgeni anatoka mbali. Ni kwamba anaingia mazoezini mambo yakiwa yameiva, anajifunza mistari yake, na wenzake wanalazimika kumzunguka kama nguzo. Chanzo chake ni pesa, na hesabu yake ni rahisi. Chukua mazoezi ya wiki tano, siku sita kwa wiki, jumla 30, kisha wiki moja ya maonyesho manne. Mgeni wa Mwanza atalala usiku 42. Tuseme gesti ya kawaida Sh 40,000 na chakula Sh 15,000 kwa siku: hiyo ni Sh 2,310,000. Ongeza nauli ya kuja na kurudi, tuiweke Sh 140,000, inakuwa Sh 2,450,000 kabla hujamlipa hata senti ya kazi yake. Mwenzake wa Tandale kwa nauli ya Sh 5,000 kwa siku, mara 34, anagharimu Sh 170,000. Bei badilisha kwa za kwako, pengo halitaondoka.

Kiongozi wa kikundi akiona hivyo, humwita mgeni kwa siku 10 tu. Gharama inashuka hadi Sh 690,000, na uigizaji wa pamoja unashuka nayo. Utaliona kosa hilo ukikaa safu ya tatu: mgeni anasema mstari wake akiiangalia hadhira badala ya mwenzake, kwa sababu hajazoea mwenzake atasimama wapi. Mwenzake anasubiri neno la mwisho la mstari ndipo aanze kusogea. Kunakuwa na mapengo ya nusu sekunde kila baada ya sentensi, na tukio la ugomvi linageuka kuwa zamu za kusema.

Kwa hiyo sharti la pili: mwigizaji yeyote, mwenyeji au mgeni, asiyehudhuria angalau mazoezi 20 kati ya 30, au theluthi mbili kwa idadi nyingine, asihesabiwe katika kipengele chochote cha uigizaji. Sharti hili halimtaji mgeni na linafanya kazi kubwa kuliko marufuku yoyote. Humgusa pia nyota wa runinga wa hapahapa anayekuja mazoezini mara nne.

Ushahidi ni daftari la mazoezi la meneja wa jukwaa. Liwe na tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, tukio lililofanyiwa kazi na sahihi ya kila aliyefika. Liwasilishwe ndani ya saa 48 baada ya onyesho la kwanza. Daftari la kughushi hujionyesha: wino mmoja kurasa zote, sahihi zimepangana bila kukatika, hakuna aliyechelewa wala kuumwa kwa wiki tano katika jiji lenye foleni na mvua. Ili msifike huko, kila Jumamosi meneja atume kwa katibu picha ya ukurasa wa wiki hiyo. Dakika moja ya kazi, na daftari haliwezi kuandikwa upya usiku mmoja.

Sharti la tatu ni usaili wa wazi. Kabla ya kumkodi mgeni kwa nafasi yoyote, kikundi kiitangaze nafasi hiyo jijini kwa siku 14, kifanye usaili, na kiandike ukurasa mmoja: wangapi walijitokeza, na kwa nini hakuna aliyefaa. Sababu nzuri zipo. Mhusika wa Mji Mkongwe anahitaji lafudhi ya Unguja, na mwigizaji wa Dar akiigiza lafudhi hiyo vibaya, hadhira hucheka pasipochekesha. Mpiga ngoma ya jamii fulani, mcheza sarakasi, mwigizaji mwenye umri wa miaka 70 anayeweza kusimama jukwaani saa mbili: hawa si rahisi kupatikana popote. "Tunamfahamu" si sababu. "Atajaza ukumbi" ni sababu ya biashara, ikubalike, lakini iandikwe hivyohivyo.

Na kila mgeni anayecheza nafasi kubwa awe na mwigizaji wa akiba wa ukanda, aliyefanya mazoezi ya nafasi hiyo na kuicheza angalau onyesho moja mbele ya watazamaji. Hapo mgeni anaacha kitu nyuma. Kuna faida nyingine ya kawaida kabisa: boti ya mwisho ya kutoka Zanzibar huondoka jioni mapema, na bahari ikichafuka haiondoki. Basi la mikoani likikwama njiani, abiria hatashuka Kituo cha Magufuli, Mbezi, saa aliyoahidi. Bila mwigizaji wa akiba, onyesho linavunjika na tiketi zinarudishwa.

Majaji na alama

Majaji tisa wanatosha. Kila tamthilia ionwe na majaji watatu, katika maonyesho tofauti, si wote usiku wa uzinduzi, ambao ukumbi umejaa ndugu na marafiki wanaoshangilia kila kitu. Kwa sababu hiyo tamthilia ichezwe angalau mara tatu ndani ya mkoa ili ishiriki. Maonyesho mengi ya Dar huchezwa mara mbili na kufungwa. Sharti hili la kucheza mara tatu litalalamikiwa, lakini ndilo linalolinda haki. Vikundi vya shule na vyuo viruhusiwe mara mbili.

Jaji asiwe mwalimu, ndugu, mpenzi wala mshirika wa kibiashara wa yeyote katika tamthilia anayoihukumu. Fani yetu ni ndogo na karibu kila mtu amefundishwa na mtu mmoja wapo Chuo Kikuu au Bagamoyo, kwa hiyo weka kikomo: uhusiano wa ualimu ndani ya miaka mitatu. Jaji alipiwe usafiri na tiketi na kamati. Akipokea chakula cha kikundi, ameshaingia deni.

Fomu iwe ya alama 100 kwa mwigizaji: sauti na matamshi 20, mwili na mwendo 20, ukweli wa mhusika 30, kusikilizana na wenzake 30. Sehemu ya mwisho ndiyo huwaumbua waliofanya mazoezi machache, kwa hiyo usiipunguze. Kwenye matamshi, andika kwa herufi kubwa juu ya fomu: LAFUDHI IPIMWE KWA MHUSIKA, SI KWA MASIKIO YA JAJI. Jaji wa Dar anaweza kumkata alama mwigizaji wa Pemba kwa kusema kama Mpemba wakati mhusika mwenyewe ni Mpemba. Fomu itumwe kwa katibu kabla ya saa 24 kupita. Jaji anayengoja wiki hukumbuka maleba na kusahau uigizaji.

Sasa kujumlisha. Usichukue alama ghafi. Tuseme jaji mmoja ni mkarimu, wastani wake msimu mzima ni 85. Mwingine ni mkali, wastani wake ni 62. Mwigizaji wa kwanza akipata 86 kwa mkarimu, na wa pili akipata 70 kwa mkali, alama ghafi zinampa ushindi wa kwanza. Lakini wa kwanza amezidi wastani wa jaji wake kwa 1 tu, wa pili kwa 8. Wa pili ndiye bora. Kwa hiyo mwisho wa msimu tafuta wastani wa kila jaji, toa wastani huo kwenye kila alama aliyotoa, kisha jumlisha tofauti za majaji watatu na ugawe kwa tatu. Njia hii inafaa jaji akiwa ameona angalau tamthilia tano. Chini ya hapo wastani wake hauna maana, na fomu zake ziwekwe kando.

Wakilingana ndani ya nusu alama, majaji wote walioona kazi zote mbili wapige kura. Hakuna aliyeona zote? Toa tuzo mbili.

Orodha ya wanaostahili, na rufaa

Wiki mbili kabla ya wateule kutangazwa, toa orodha ya kila tamthilia na kila mwigizaji, na mbele ya jina hali yake: wa ukanda, mgeni, au hakutimiza mazoezi. Hapo ndipo malalamiko yatoke, kabla ya mtu yeyote kujua nani anaongoza. Rufaa ziwe za maandishi, ndani ya siku 7, zisikilizwe na watu watatu wasio majaji. Baada ya hapo hali ya mtu haijadiliwi tena. Kamati zikikosea hapa hukosea kwa huruma: hupokea rufaa ya siku ya tisa kwa sababu mlalamikaji ni mkubwa katika fani, na kesho yake wanapanga foleni kumi.

Kombe lenyewe

Mpingo wa kuchonga kutoka soko la vinyago Mwenge unafaa kuliko plastiki ya kuagiza, lakini agiza wiki sita kabla na uulize gogo limekauka muda gani. Mpingo mbichi ukiingia ukumbi wenye kiyoyozi hupasuka kufuata nyuzi zake, mara nyingi kuanzia chini kwenye kitako. Kibati cha jina kifungwe kwa skrubu ndogo mbili, kwa sababu gundi huachia kwenye joto la Dar. Vibati vya wateule wote vichongwe, vile vya wasioshinda viharibiwe, ili mchonga majina asijue mshindi ni nani. Wanaojua wawe wawili: katibu na mkaguzi wa hesabu.

Mgeni aliyeteuliwa atumiwe barua wiki tatu kabla, na kamati itenge nauli yake na usiku mmoja wa malazi, kutoka bajeti ya sherehe. Asiyeweza kufika, tuzo yake ipokelewe na mwigizaji wake wa akiba. Kesho yake, kila kikundi kipewe nakala ya alama zake pamoja na wastani wa majaji waliokihukumu, bila majina yao.